Makaa ya Mawe na Moyo wa Waingereza

Watu wengi hudhani kwamba taifa huchagua kitu cha kuwashia moto kama vile mkulima achaguavyo jembe dukani: hulitazama, hulipima mkononi, huuliza bei, kisha hununua lililo bora. Tukichunguza habari za mataifa twaona kwamba mambo hayaendi hivyo. Moto ni joto, lakini pia ni mahali pa kukaa jioni, ni kazi ambayo baba humrithisha mwana, ni jina la mji, tena ni sifa ya taifa mbele ya mataifa mengine. Kwa hiyo watu wakiisha kuzoea moto wa namna moja kwa karne nyingi, hawauachi kwa sababu tu mwenye hesabu amekuja kuwaonyesha kwamba uko ulio bora.

Siku hizi mataifa yanahojiana sana juu ya vitu vya kuwashia moto vitokavyo chini ya ardhi, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi, maana kuviunguza kumezidi kuitia dunia joto. Wenye elimu huleta hesabu zao, nazo ni za kweli. Kisha hushangaa kuona watu hawageuki. Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu habari za Waingereza, yaani watu wa England, Wales na Scotland pamoja, kama tulivyozoea kuwaita. Hao walikuwa wa kwanza kuyafanya makaa ya mawe kuwa msingi wa maisha yao yote, na tarehe 30 Septemba 2024 walizima mtambo wao wa mwisho wa kufanya umeme kwa makaa hayo. Katika habari zao mna mageuzi mawili makubwa. La kwanza lilipita bila vita. La pili liliacha jeraha ambalo mpaka leo halijapona vema. Kwa nini yalitofautiana? Hilo ndilo twataka kulitafuta.

Sisi wenyewe twajua jinsi moto wa mtu uwezavyo kuwa jina lake. Wazee wetu walipoona chombo kisichohitaji tanga wala makasia walikiita merikebu ya moshi. Na reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, gari lake likaitwa gari la moshi. Jina hilo limedumu midomoni mwetu hata sasa, ingawa tangu mwaka 2024 gari liendalo Dodoma kutoka Dar es Salaam huendeshwa kwa umeme wala halitoi moshi hata kidogo. Ikiwa neno tu lashikamana na watu hivyo, je, meko yenyewe?

Hapo kale Waingereza waliwasha kuni na makaa ya miti kama sisi. Makaa ya mawe yalikuwapo, hasa upande wa kaskazini-mashariki karibu na mji wa Newcastle, na kwa kuwa yaliletwa London kwa vyombo, watu waliyaita makaa ya bahari. Newcastle ilijaa makaa hata leo Waingereza, wakitaka kutaja kazi ya bure, husema ni kupeleka makaa Newcastle, kama sisi tungesema kupeleka karafuu Pemba. Lakini mwanzoni watu hawakuyapenda. Moshi wake ulikuwa mzito na harufu yake ni kama ya kiberiti. Mwanzoni mwa karne ya 14 Mfalme Edward wa Kwanza aliwakataza wachoma chokaa wa London wasiyatumie. Katazo hilo halikushika. Basi na tukumbuke jambo hili: kitu ambacho baadaye kilihesabiwa kuwa ndicho Uingereza yenyewe, kilianza kwa kuchukiwa. Wenye mali waliona kuwa ni moto wa wahunzi na maskini.

Kilichowageuza ni haja. Mwaka 1500 watu wa London walikuwa 50,000 hivi. Kufika mwaka 1600 walikuwa yapata 200,000. Kuni zikawa haba, bei yake ikapanda, na nyumba zikaanza kujengwa kwa namna nyingine. Makaa ya mawe hayafai kuwashwa katikati ya chumba kama kuni, maana moshi wake hausitahimiliki. Sharti yawekwe juu ya chanja cha chuma ndani ya meko iliyojengwa ukutani, yenye dohani nyembamba ya kuvuta moshi kwenda juu. Hivyo makaa yaliingia katika kuta zenyewe za nyumba. Mtoto aliyezaliwa humo hakujua kwamba babu yake aliyachukia.

Walikuwapo walioona hatari. Mwaka 1661 bwana mmoja mwenye elimu, John Evelyn, alimwandikia Mfalme Charles wa Pili kitabu kidogo juu ya moshi wa London, kiitwacho Fumifugium. Alishauri kwamba kazi zenye moshi mwingi zihamishwe nje ya mji, na kuzunguka mji ipandwe miti na maua yenye harufu nzuri. Mashauri yake hayakufuatwa. Mwaka uliofuata Bunge liliweka kodi ya meko, shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko. Sisi ambao wazee wetu walilipa kodi ya nyumba twaweza kuwaelewa Waingereza wa zamani zile: waliichukia mno, hasa kwa sababu watu wa serikali waliingia mpaka ndani kuhesabu. Ikafutwa mwaka 1689. Waingereza wana neno la zamani lisemalo kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake, na meko ilikuwa moyo wa ngome hiyo. Hata sheria za moshi zilipoanza kutungwa katika karne ya 19, ziligusa viwanda. Ile ya mwaka 1875 ilisema wazi kwamba dohani ya nyumba ya mtu isihesabiwe.

Hapa ndipo tuonapo jinsi tabia ya taifa ishindavyo hesabu. Katika nchi za Ujerumani na Urusi watu walijipatia joto kwa majiko yaliyofungwa, ya vigae, ya matofali au ya chuma, ambayo hushika joto kwa muda mrefu. Meko ya wazi, kinyume chake, hupoteza sehemu kubwa ya joto lake kwa dohani. Mtu huungua magoti huku mgongo wake ukiganda. Waingereza walijua hayo. Katika miaka ya 1790 Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyepewa cheo cha Count Rumford, aliwaonyesha jinsi ya kuitengeneza meko ipunguze moshi na kuongeza joto. Walipokea maarifa yake kwa furaha, kwa kuwa meko ilibaki wazi. Lakini jiko lililofungwa walilikataa. Walisema kwamba lachafua hewa, kwamba moto usioonekana si moto, na kwamba ni desturi ya wageni. Hata mwaka 1945, vita kuu vilipokwisha na nyumba mpya zikitazamiwa kujengwa, mwandishi mashuhuri George Orwell aliandika gazetini kuitetea meko ya wazi. Alikubali kwamba ina hasara na taabu. Lakini alisema kwamba ndiyo iwakusanyayo watu wa nyumba mahali pamoja.

Tusiwacheke. Nani kati yetu asiyejua kwamba hadithi hutambwa penye moto? Hata hivyo yatupasa kusema pia kwamba mapenzi yalificha gharama, na gharama ililipwa na wanyonge. Wanawake na watumishi waliamka kabla ya alfajiri kuzoa majivu na kusugua masizi. Watoto wadogo walipandishwa ndani ya dohani kuzisafisha, na wengine walikwama wakafa humo, mpaka sheria ya mwaka 1875 ilipokomesha jambo hilo. Mwenye kuota moto hakumwona mwenye kuulipia.

Wakati huo makaa yalikuwa yamekwisha toka jikoni na kushika dola. Mwaka 1712 Thomas Newcomen alitengeneza mtambo wa mvuke wa kuvuta maji katika mashimo ya makaa. Mwaka 1825 reli ya Stockton na Darlington ilifunguliwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kubeba makaa. Viwanda vya pamba, chuma, merikebu, vyote vilikula makaa. Bandari ya Aden, iliyotekwa na Waingereza mwaka 1839, ikawa mahali pa merikebu zao kupakia makaa katika safari ya Bara Hindi. Mwaka 1913 nchi yao ilichimba tani milioni 287, na wachimbaji walikuwa zaidi ya milioni moja. Basi Mwingereza akiulizwa ukuu wa taifa lake watoka wapi, mara nyingi alielekeza kidole chini ya miguu yake.

Ndiyo maana William Stanley Jevons alipotoa kitabu chake mwaka 1865, akionya kwamba makaa yatazidi kuwa ghali kuyachimba na ukuu wa nchi utapungua pamoja nayo, watu walishtuka, na mwaka 1866 serikali iliweka tume ya kuchunguza kadiri ya makaa yaliyobaki. Jevons alisema na jambo jingine la ajabu: mtambo ukitengenezwa upate kutumia makaa machache kwa kazi ile ile, makaa hayapungui, bali huzidi, kwa kuwa watu huongeza mitambo. Tena, karibu na mwaka 1914, Winston Churchill alipoanza kuzigeuza manowari zitumie mafuta badala ya makaa, wako waliolalamika: kwa nini kuacha makaa ya Wales, yaliyomo katika ardhi yao wenyewe, na kutegemea mafuta ya Uajemi yaliyo mbali? Mwaka huo huo serikali ikanunua sehemu kubwa ya hisa katika kampuni ya mafuta ya Uajemi. Kwa manowari hesabu ilishinda, maana chombo kiendacho mbio ndicho kishindacho vitani. Kwa meko ya nyumbani ilichukua miaka 40 zaidi.

Tufikie sasa geuzi la kwanza. Tarehe 5 Desemba 1952 ukungu ulitanda London, na hewa ilitulia kabisa bila upepo. Ilikuwa baridi kali. Kila nyumba iliongeza makaa, nayo yalikuwa hafifu, kwa kuwa yaliyo mazuri yaliuzwa nje kuipatia nchi fedha baada ya vita. Moshi haukuweza kupanda juu. Ukachanganyika na ukungu, ukakaa mpaka tarehe 9. Magari yalisimama. Watu walipapasa kuta kutafuta njia zao. Mchezo wa kuimba katika jumba la Sadler's Wells ulikatizwa kwa sababu ukungu uliingia mpaka ndani. Ng'ombe kadhaa walioletwa kwa maonyesho ya Smithfield walikufa. Watu nao walikufa: hesabu ya kwanza ilitaja yapata 4,000, na uchunguzi wa baadaye umetaja yapata 12,000.

Je, watu waliinuka siku ile ile kuitupa meko? La. Moshi walikuwa wameuzoea. Ukungu wa London ulikuwa sifa ya mji, ukatajwa katika hadithi na picha. Serikali nayo ilisitasita, ikasingizia homa ya mafua kwa vifo vilivyoendelea. Lakini kamati iliyoongozwa na Bwana Hugh Beaver ilichunguza, ikasema wazi kwamba moshi wa nyumba ni mbaya kama wa viwanda, na mwaka 1956 Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Kwa mara ya kwanza serikali ilithubutu kuigusa meko ya raia.

Angalieni jinsi ilivyoigusa. Haikuwaambia watu wakae gizani bila moto. Iliruhusu miji kutenga sehemu zisizoruhusiwa moshi, lakini mwenye nyumba aliyelazimika kubadili meko yake alilipiwa sehemu 7 katika 10 za gharama. Aliweza kuwasha makaa yaliyotengenezwa yasitoe moshi, ama gesi, ama umeme. Wenye viwanda nao waliwafahamu wateja wao: walitengeneza majiko ya umeme yenye makaa ya bandia, na taa ndani yake ya kuyafanya yang'ae kama moto halisi. Mgeni angecheka, lakini sisi twaona hekima humo. Watu walipewa moto wa kutazama na mahali pa kukaa, wakakubali kuuachia moshi. Haikuwa kazi ya siku moja: mwaka 1962 ukungu mbaya ulirudi, na miji ya wachimbaji ilikawia, kwa kuwa mchimbaji alipata makaa ya nyumbani kuwa sehemu ya ujira wake. Walakini katika muda wa kizazi kimoja mbingu ya London ilitakata, wala hapakuwa na vita.

Geuzi la pili halikuwa la meko bali la shimo. Ili kulielewa, sharti tujue maisha ya wachimbaji. Kazi yao ilikuwa ya hatari: tarehe 14 Oktoba 1913, katika shimo la Senghenydd huko Wales, wachimbaji 439 walikufa kwa mlipuko mmoja. Watu wanaofanya kazi ya namna hiyo hujifunza kutegemeana. Katika mabonde ya Wales walikatwa senti katika ujira wao kujenga majumba ya kusomea yenye vitabu. Waliimba katika kwaya. Mji wa Tredegar ulikuwa na chama cha matibabu kilicholipiwa na wafanya kazi wenyewe. Aneurin Bevan, mwana wa mji huo aliyeingia shimoni akiwa kijana wa miaka 13, alipokuwa waziri alianzisha mwaka 1948 matibabu kwa taifa zima. Kule Durham, tangu mwaka 1871, wachimbaji hukusanyika kila mwaka, kila shimo na bendera yake na bendi yake ya tarumbeta. Bendera ya shimo lililofiwa ilifungwa kitambaa cheusi. Na tarehe 1 Januari 1947 mashimo yalipofanywa mali ya taifa, ziliwekwa mbao milangoni kutangaza kwamba sasa yaendeshwa kwa ajili ya watu wote. Mchimbaji alijiona kuwa nguzo ya taifa, wala hakukosea.

Sisi walimu hatuwezi kupita jina la Aberfan. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966 kilima cha vifusi vya makaa, kilicholundikwa juu ya kijiji hicho cha Wales, kiliporomoka kikafunika shule wakati watoto wameanza masomo yao. Walikufa watoto 116 na watu wazima 28, na walimu miongoni mwao. Ingedhaniwa kwamba baada ya hayo watu wa mabonde yale wangefurahi kuona mashimo yakifungwa. Lakini miaka 18 baadaye, mashimo yalipotajwa kufungwa, walikuwa miongoni mwa waliosimama imara zaidi kuyatetea. Mtu asemaye kwamba walipenda makaa hajaelewa. Makaa yaliwaua. Walichopenda ni yale yaliyosimama juu ya makaa: kazi, heshima, bendera, kwaya, jumba la vitabu, na jirani atakayeshuka shimoni kukutafuta ukifukiwa.

Mwezi wa Machi 1984 mamlaka ya makaa ilitangaza kufunga mashimo 20, na watu 20,000 kupoteza kazi. Wachimbaji wengi wakagoma, wakiongozwa na Arthur Scargill. Serikali ya Waziri Mkuu, Bibi Margaret Thatcher, ikakataa kulegea. Mgomo ulidumu mwaka mzima. Wachimbaji waligawanyika, maana wengi wa Nottinghamshire waliendelea na kazi. Ndugu waliacha kusemezana, na wengine hawajapatana hata leo. Wanawake walifungua majiko ya pamoja kulisha vijiji. Tarehe 3 Machi 1985 mgomo ulikoma bila mapatano, na katika vijiji vingi wachimbaji walirudi kazini kwa maandamano, bendera mbele na bendi zikipiga. Kisha mashimo yakafungwa moja baada ya moja.

Wengine husema kwamba yote hayo yalitokana na ukaidi, na kwamba makaa yalikuwa yamekwisha shindwa na mafuta na gesi. Kwa hesabu, wana haki kwa sehemu. Lakini hebu tutazame miaka iliyotangulia. Mwaka 1947 wachimbaji walikuwa zaidi ya 700,000. Mwaka 1970 walikuwa chini ya 300,000. Mashimo mengi yalifungwa katika miaka ya 1960, wala hapakuwa na vita kama vile, kwa kuwa aliyetoka shimo moja aliweza kupata kazi katika shimo jingine au kiwandani. Mwaka 1984 hapakuwa na pa kwenda. Shimo likifungwa, hata bendi ilikosa mlipaji, na kijana alikosa cha kurithi. Watu walinyang'anywa moto na meko pamoja.

Kwamba hawakuwa wavivu wala wapenda ugomvi, shimo la Tower huko Wales lashuhudia. Lilipofungwa mwaka 1994, wachimbaji 239 walitoa kila mmoja paundi 8,000 katika kiinua mgongo chake, wakalinunua, wakalifungua tena Januari 1995, wakaliendesha wenyewe mpaka mwaka 2008 makaa yalipokwisha. Lilipokufa kwa kuishiwa, walilizika kwa heshima.

Na tuwatazame jirani zao Wajerumani, maana pasipo mfano wa pili mtu aweza kusema kwamba hapakuwa na njia nyingine. Bonde la Ruhr nalo lilikuwa na wachimbaji wengi mno, wenye nyimbo na salamu zao. Huko mashimo yalifungwa polepole kwa miaka 60. Chuo kikuu kilifunguliwa Bochum mwaka 1965 katika nchi ya wachimbaji isiyokuwa na chuo kikuu. Shimo la Zollverein huko Essen, lililofungwa mwaka 1986, lilihifadhiwa, na mwaka 2001 likaingizwa katika urithi wa dunia. Mwaka 2007 wakuu na vyama vya wafanya kazi walipatana kwamba yote yatakoma mwaka 2018, na wazee wapumzishwe kwa malipo. Tarehe 21 Desemba 2018 shimo la mwisho la makaa magumu, Prosper-Haniel, lilifungwa. Wachimbaji walimkabidhi Rais wa nchi bonge la mwisho la makaa, huku wakilia na kuimba. Gharama ilikuwa kubwa sana, na Wajerumani bado wanachimba makaa ya kahawia, kwa hiyo hatuwasifu kupita kiasi. Lakini waliwaaga wachimbaji wao kama watu wamwagavyo mzee, si kama wamfukuzavyo mwizi.

Kule Uingereza shimo refu la mwisho, Kellingley, lilifungwa Desemba 2015. Mahali pa shimo la Wearmouth, lililofungwa mwaka 1993, pana uwanja wa mpira uitwao Uwanja wa Mwanga, na nje yake pamesimamishwa sanamu ya taa ya mchimbaji. Durham haina shimo hata moja, lakini bendera zingali zikipita mjini kila mwaka. Na nyumba nyingi za Waingereza leo hupata joto kwa gesi. Wanapoambiwa waiache nayo, malalamiko ya zamani husikika tena karibu neno kwa neno. Cha kuchekesha ni hiki, kwamba wengi wamerudia kununua majiko ya chuma ya kuni, yale ya kufungwa ambayo babu zao waliyaita ya wageni, mradi tu yawe na kioo cha kuonea moto.

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 1982 gesi iligunduliwa Mnazi Bay, upande wa Mtwara. Serikali ilipoazimu kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba, watu wa Mtwara walipinga, na mwaka 2013 zilitokea fujo, watu wakafa na mali ikateketea. Wako waliosema kwamba ni ujinga, kwa kuwa gesi ni ya taifa zima. Na kweli ni ya taifa zima. Lakini watu wa Kusini walikumbuka mpango wa karanga wa mwaka 1947 ulioshindwa, na reli yao iliyong'olewa baadaye. Kwao gesi haikuwa kitu cha kuchomwa tu. Ilikuwa ahadi kwamba safari hii hawatasahauliwa. Bomba lilikwisha mwaka 2015. Lakini ahadi haipiti katika bomba.

Basi somo tulipatalo ni hili. Dunia haina budi kuuacha moto wa makaa, mafuta na gesi, na sisi hatutaki kumfariji mtu kwa kumwambia kwamba desturi yake yatosha kuwa sababu ya kuungua. Waingereza walikaa miaka karibu 300 tangu Evelyn aandike kabla ya kukubali, na waliokufa kwa moshi katika muda huo hawana idadi. Walakini mwenye kutaka kuwageuza watu na aulize kwanza: moto huu umebeba nini? Ikiwa umebeba mazungumzo ya jioni, na atafute mahali pengine pa mazungumzo. Ikiwa umebeba kazi na heshima ya kijiji, na alete kazi na heshima kabla ya kufunga mlango wa shimo. Mwaka 1956 swali hilo lilijibiwa, mwaka 1984 halikujibiwa, na matunda ya yote mawili tumeyaona.

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Nasi twaongeza kwamba penye moto pana watu wamekaa. Anayekuja kuuzima na awaamkie kwanza, aketi nao, awaonyeshe mahali atakapowasha mwingine.